Mjadala: Je, mtangazaji wa redio aruhusiwe kusoma tangazo la kubeti kwa kinywa chake?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Nimefanya kazi miaka minne kama mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi kwenye redio moja ya mkoani. Kila alfajiri watu wa masoko waliniachia karatasi mezani: saa 1:10 sabuni, saa 1:25 duka la vifaa vya ujenzi, saa 1:40 kampuni ya kubeti. Kwenye mstari wa kubeti kulikuwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "asome mtangazaji". Tangazo la namna hiyo lilikuwa na bei ya juu kuliko lililorekodiwa, na sababu yake kila mtu studio aliijua. Msikilizaji akisikia muziki wa tangazo, anajua hapa nanadiwa kitu. Akimsikia kijana aliyemwamkia tangu saa 12, aliyempa pole ya msiba na kumsomea salamu za shangazi yake, akisema "leo usikose kuweka mkeka wako", yaani ubashiri wako wa mechi, anasikia ushauri wa ndugu.

Siku moja dereva wa bodaboda alikuja getini na simu mkononi, mkeka umechanika kwa timu moja. Hakuja kugomba. Alitaka kumuuliza mtangazaji wetu kama mechi ya kesho nayo "ina uhakika". Mlinzi alicheka. Mimi nilishindwa.

Sisemi matangazo ni mabaya. Mwaka 1833 gazeti la Sun la New York lilianza kuuzwa senti 1 wakati magazeti mengine pale yakiuzwa senti 6, pengo likazibwa na wenye matangazo, na mtu wa kipato cha chini akaanza kumudu kununua gazeti. Redio zetu nazo msikilizaji halipii hata shilingi. Hoja yangu ni moja: kampuni inunue dakika, isinunue kinywa cha mtangazaji. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unasema hivyo kwa sababu umeshatoka. Mimi bado nipo masoko, redio ndogo. Kuna leseni ya mamlaka ya mawasiliano (TCRA), mirabaha ya muziki, umeme, mafuta ya jenereta, mishahara. Kampuni kubwa za vinywaji na simu zinapeleka bajeti kwenye vituo vya Dar, na kinachobaki kinakwenda Facebook na Google. Mwenye duka hapa mjini analipa baada ya miezi mitatu, tena kwa kufuatwa. Taasisi za serikali ndiyo usiseme. Anayelipa kabla tangazo halijaruka ni nani? Ni kampuni ya kubeti. Ukimwondoa, kipindi chako cha kilimo kinakufa kwanza, maana hicho hakina mdhamini.

Mchangiaji wa pili

Niko Nakuru, Kenya. Huku kwetu, tarehe 29 Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30: runinga, redio, magazeti, mabango, mitandao, hata SMS. Muda ulipoisha yakaja masharti mapya, mojawapo likiwazuia watu mashuhuri na wenye wafuasi wengi mitandaoni kuipigia kamari debe. Sasa nauliza: mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, ambaye matatu nzima inamjua kwa sauti, si mtu mashuhuri? Kama mwanamuziki anakatazwa, yeye anapitia mlango gani?

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mzazi. Mwanangu wa darasa la sita anajua odds za kubeti kuliko jedwali la kuzidisha, na nyumbani hatuna hata simu janja ya kwake. Kayasikia redioni, saa 1 asubuhi, akijiandaa kwenda shule. Hayo tu.

Mleta mada

Mama, asante. Hiyo saa 1 ndiyo saa yangu niliyokuwa naipanga mimi, na linaniuma.

Ndugu wa masoko, sijapuuza mishahara. Ila sigara ziliondolewa kwenye runinga na redio za Marekani tarehe 2 Januari 1971, wakati kampuni za tumbaku zilikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa, na vituo havikufa. Na mimi wala siendi mbali hivyo. Tangazo libaki, liwe limerekodiwa, liruke baada ya saa 4 usiku. Kinachoondoka ni kalamu nyekundu.

Mchangiaji wa kwanza

Vituo vya Marekani vilikuwa na magari na sabuni za kuziba pengo. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi linalodaiwa tangu Machi. Lakini habari ya yule dereva imenikaa. Jumatatu tuna kikao cha mapato. Nitaliweka mezani kwamba usomaji uondoke na tangazo lililorekodiwa libaki. Wataniuliza tofauti ya bei nitaitoa wapi. Mwenye wazo anisaidie kabla ya Jumatatu.