Mchezaji kaja na karakta anayeruka toka levo ya 1, nimfanyeje?

dadu_bovu:
Wakuu habari za jioni. Naendesha meza ya Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu), wachezaji wanne, tunakutana Jumamosi. Tumeanza kampeni mpya juzi juzi tu na mshkaji mmoja kaja na aarakocra, wale watu-ndege, anaruka futi 50 kwa zamu toka levo ya kwanza. Nikasema poa, ndege si ndege bwana. Aisee sesheni mbili tu nimeshajuta.

Nilikuwa nimewaandalia korongo lenye daraja bovu, hesabu yangu litakula nusu saa, wabishane, wafunge kamba, mmoja ateleze. Jamaa kachukua kamba, karuka, kafunga ng'ambo, kwisha, na yule anayecheza mwizi ambaye alijaza ujuzi wa kupanda kwa ajili ya mambo kama hayo kabaki anachezea dadu zake tu. Halafu wakaja mbwa mwitu wanne. Ndege yuko juu na upinde, wale hawana cha kumrushia, kwa hiyo wote wanne wakamgeukia mpiganaji na unajua mbwa mwitu wakiwa kundi wanarusha dadu mbili wanachukua kubwa, raundi ya pili mpiganaji yuko chini. Tulipomaliza akaniuliza kwa upole tu, "sasa mimi hii deraya nimeivalia nini?"

Nimnyang'anye mabawa? Kamchora mwenyewe karakta wake, unyoya kwa unyoya.

mzee_wa_meza:
Piga chini mkuu. Mchawi uchawi wa kuruka anaupata levo ya 5, na akipigwa unaweza kukatika akaanguka, huyu wako kapewa bure. Hata Adventurers League, ile michezo rasmi ya wenye D&D, waliwahi kuwazuia hawa wa kuruka toka levo ya 1, ungejiuliza kwa nini.

pande_ishirini:
Mzee wewe kila mada jibu lako ni piga chini 😂

Mleta mada, kwanza uwe na uhakika jamaa anajua hatari aliyonayo, maana wengi wanadhani juu ni salama. Huyo deraya nzito haruhusiwi akiwa anaruka, levo ya 1 ana uhai 10 hivi. Yuko futi 60 juu, goblini (kijitu adui) wa kawaida upinde wake unafika 80 bila shida. Akipigwa akafika sifuri anazimia, akizimia haruki tena, anashuka kama jiwe, na kuanguka ni dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10, yaani dadu sita, wastani 21. Kwa mtu ambaye tayari yuko sifuri na uhai wake wote ni 10, hapo hakuna kurusha dadu za kuokoa roho, amekufa pale pale. Mwambie kabla, usisubiri umuue ndio umfundishe sheria.

Ila usianze sasa kuweka wapiga mishale kila kona, wachezaji wanaona, na ni kumwadhibu kwa kuchagua kitu ulichokubali mwenyewe. Na kwa ninavyoona mimi korongo halina shida, acha avuke, ndio raha ya mabawa. Shida ni wale mbwa mwitu. Meno yaliyokuwa ya watu wanne yamegawanywa kwa watatu, yaani ile salama yake anailipia mpiganaji. Mezani kwangu tuliweka sheria moja, mpaka levo ya 5 unaruka kwa zamu yako lakini zamu ikiisha lazima uwe umetua. Korongo dogo anavuka, ila kuelea juu na upinde vita nzima hakuna.

chai_na_kete:
Naunga mkono wa juu. Pia kwenye marekebisho ya 2022 huyo huyo aarakocra alishushwa mpaka futi 30, kwa hiyo hata wenye mchezo waliona.

Kwetu ilikuwa mtu aling'atwa na mbwa-mtu, yule anayegeuka mnyama mwezi ukiwa mpevu, naye akawa hivyo, akagoma kutibiwa, anataka abaki hivyo. Kwa kitabu cha 2014 silaha ya kawaida isiyo ya fedha wala ya uchawi haimdhuru kabisa, levo ya 3! Tukakaa nikamuuliza unataka nini hasa, kutokuumia au kugeuka? Akasema kugeuka, ile hofu ya mwezi. Basi nikamwachia mwezi nikaondoa kinga, hakulalamika hata siku moja. Muulize wako pia, anataka ndege au anataka kuruka, maana si kitu kimoja.

dadu_bovu:
Nimerudi wakuu. Nimemuuliza. Kumbe yeye hadithi yake ni ndege aliyefukuzwa na wenzake, kuruka kulikuja tu na kifurushi. Nikamwambia ile sheria ya kutua, kabla sijamaliza kasema basi walimkata manyoya ya bawa moja wakati wanamfukuza, kama bibi anavyomkata kuku asiruke ua, na yataota taratibu mpaka levo ya 5. Leo kanitumia mchoro mpya, bawa la kushoto limekatwa mraba kabisa kama kwa mkasi.

Sasa mpiganaji naye kashika bango, anataka kujua kama ndege anaweza kumbeba kuvuka korongo. Na deraya yake ya minyororo, kilo 25.

mzee_wa_meza:
Piga chini.