Maji yanajuaje pa kwenda?

Mzazi_Mlezi: Wakuu, nisaidieni. Mwanangu kaloweka yai kwenye siki siku mbili, ganda lote likayeyuka, ukabaki ule utando laini. Tukalipima, gramu 86. Tukalitia kwenye shira nzito ya sukari. Kesho yake limenywea kama mfuko mtupu, gramu 54. Kulirudisha kwenye maji, likavimba hadi 91! Kitabu chake kinasema maji hufuata sukari. Sasa dogo kaniuliza, "Maji yanajuaje sukari iko wapi?" Nimekosa jibu, nikamtuma akaoshe bakuli.

Kijiko: Sukari inavuta maji kama sumaku. Ndiyo osmosisi hiyo.

Mpima_Damu: Sumaku hapana, mkuu. Ingekuwa ni kuvuta, aina ya kinachovuta ingekuwa na maana kubwa. Hapa kinachohesabika hasa ni idadi ya chembe. Gramu ya chumvi inaishinda gramu ya sukari zaidi ya mara 10, kwa kuwa chembe zake ni nyepesi mno, tena chumvi ikiingia majini kila kipande hujigawa chembe mbili.

Maji hayajui lolote. Molekuli zake hazitulii, zinavuka utando kwenda na kurudi muda wote. Upande wa maji matupu, kila inayogonga tundu ni ya maji. Upande wa shira, baadhi ya zinazogonga ni za sukari, nazo hazipenyi. Basi zinazohamia kwenye shira zinazidi zinazorudi, na ziada hiyo ndiyo mliyoiona kwenye mizani.

Mimi nashinda maabara. Tone la damu ukilitia kwenye maji yaliyosafishwa, ule ukungu unapotea, unabaki wekundu mwangavu unaoweza kusoma maandishi nyuma yake. Seli zimekunywa maji zikapasuka. Ndiyo maana dripu ya chumvi ni asilimia 0.9, haibahatishwi.

Mzazi_Mlezi: Nimekuelewa. Mbona basi yai halikupasuka? Ndani kumejaa vitu, nje maji matupu.

Mpima_Damu: Utando umevutika, nao unayasukuma maji yatoke. Msukumo ukitosha, yanayoingia na yanayotoka yanakuwa sawa, uvimbe unakomea hapo. Lichome kwa pini uone.

Mzazi_Mlezi: Limenirukia kwenye miwani. Dogo anacheka mpaka sasa hivi.