Tamoksifeni, fulvestranti, anastrozoli: ndani ya seli zinatofautianaje?

Mwalimu_Famasia
Wadau, naandaa mada ya dawa za saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni. Vitabu vingi vinazitia kapu moja tamoksifeni (kidonge, mg 20 kwa siku), fulvestranti (sindano, mg 500) na anastrozoli (kidonge, mg 1 kwa siku), kwamba zote "huzuia homoni". Kila moja inashika wapi, na seli inaponyokaje?

Kipokezi_Alfa
Mkuu, anastrozoli itoe kwenye kapu hilo kwanza. Haigusi kipokezi. Inafunga aromatesi, kimeng'enya kinachogeuza androjeni kuwa estrojeni, hivyo kipokezi kinabaki kizima ila kinakosa homoni ya kukiamsha. Mbili zilizobaki ndizo zinazogombania mfuko mmoja ndani ya kipokezi na estradioli, estrojeni kuu ya mwili.

Wachoree wanafunzi mfuko huo. Estradioli ikiingia, ncha moja hushikwa na Glu353 na Arg394, nyingine na His524 (asidi amino za kipokezi, na namba ya nafasi ya kila moja), kisha heliksi ya 12, kipande cha kipokezi kilichojisokota, inafunika juu kama mfuniko wa chungu. Mfuniko ukikaa, pembeni yake linajiunda bonde, na protini saidizi zenye mfuatano LXXLL (L ni lusini, X ni asidi amino yoyote) zinajibana humo na kuwasha jeni za ukuaji.

Tamoksifeni iliyokwisha kuchakatwa na ini inashika Glu353 na Arg394 vilevile, lakini ina mkono mrefu wenye amini unaochomoza nje ya mfuko hadi jirani na Asp351. Mfuniko ukija kutua unaukuta mkono huo. Heliksi ya 12 inageuka, inalala ndani ya lile bonde la protini saidizi, maana mfuatano wake wenyewe unafanana na LXXLL. Picha za fuwele za 1998 zilionyesha hivyo waziwazi. Ukiwa na muda wa mchoro mmoja tu, chora huu.

Bi_Dozi
Umeeleza vizuri, ila hapo imezimwa AF-2 peke yake, yaani sehemu ya kuwasha jeni yenye bonde hilo. AF-1, sehemu nyingine ya kuwasha jeni iliyo upande wa mwanzo wa kipokezi, bado iko hai. Kwenye titi protini zuizi kama NCoR na SMRT zinashinda. Kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi protini saidizi zina nguvu zaidi, na dawa ileile inafanya kazi kama estrojeni. Kwa hiyo mwanamke aliyekoma hedhi, anayetumia tamoksifeni, akitokwa na damu ukeni apimwe mara moja. Asiambiwe asubiri.

Fulvestranti ni steroidi yenye mkia mrefu kwenye kaboni ya 7. Kwa mkia huo heliksi ya 12 haipati pa kutulia, AF-1 na AF-2 zinazimika zote, na kipokezi kinapelekwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kusaga protini, kuvunjwavunjwa.

Maabara_MCF7
Kwa wanaotaka kuliona jambo hili kwenye seli za MCF-7, seli za saratani ya titi zinazokuzwa maabara: kosa la kwanza ni midia, yaani maji ya kuzilishia. Fenoli nyekundu, rangi inayotiwa humo, inatenda kama estrojeni hafifu, na seramu ya kawaida ina homoni zake. Tumia midia isiyo na rangi hiyo pamoja na seramu iliyochujwa kwa mkaa, siku 3 kabla ya jaribio. Kisha estradioli nM 1, na juu yake 4-hidroksitamoksifeni (tamoksifeni iliyokwisha kuchakatwa) µM 1 au fulvestranti nM 100. Ethanoli isizidi asilimia 0.1, na seli za kulinganishia ziwekewe kiasi hichohicho.

Usitumie tamoksifeni ghafi ukitarajia nguvu ileile. Seli hizi hazina uwezo wa ini wa kuichakata. Na 4-hidroksitamoksifeni ikae gizani, kwa sababu umbo la Z hugeuka kuwa E, ambalo ni dhaifu. Baada ya saa 24 pima protini ya kipokezi: kwa fulvestranti inashuka, kwa 4-hidroksitamoksifeni inapanda. Kupanda huko si kosa la maabara. Kipokezi kimeshikwa imara ila hakifanyi kazi.

Kipokezi_Alfa
Naongezea kuhusu ini. CYP2D6, kimeng'enya cha ini, ndiyo inayotengeneza endoksifeni kutokana na tamoksifeni, nayo hushika kipokezi kwa nguvu makumi ya mara kuliko tamoksifeni yenyewe. Paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, zinaifunga CYP2D6 vibaya. Mgonjwa anayehitaji dawa ya sonona, venlafaksini ni salama zaidi kwa upande huu. Aina ya jeni iitwayo CYP2D6*17, yenye kasi ndogo, ni ya kawaida kwetu Waafrika, ingawa wataalamu bado wanabishana kama kupima jeni hiyo kubadilishe dozi.

Bi_Dozi
Kuponyoka sasa. Baada ya muda mrefu kwenye dawa za kundi la anastrozoli, seli hupata mabadiliko ya ESR1, jeni ya kipokezi chenyewe, hasa yale yaitwayo Y537S na D538G. Yote mawili yako kwenye heliksi ya 12 au mlangoni pake: mfuniko unajifunga wenyewe bila estradioli, kwa hiyo kuikata homoni hakusaidii tena. Fulvestranti bado inafanya kazi, ila Y537S inaifanya ishike kwa udhaifu zaidi. Elasestranti, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2023, kimelengwa kwa wagonjwa hao.

Na anastrozoli peke yake haimfai mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi: ubongo unaona estrojeni imeshuka, unaziamrisha ovari zizidishe. Lazima zizimwe kwanza, kwa mfano goserelini mg 3.6 kila siku 28.

Mwalimu_Famasia
Nimepata. Ratiba ya sindano ya fulvestranti?

Bi_Dozi
Siku ya 1, ya 15 na ya 29, kisha kila mwezi. Sindano mbili za ml 5, kila moja mg 250, moja kila tako, ndani ya msuli, polepole kwa dakika 1 hadi 2. Ni ya mafuta, nzito. Ukiisukuma haraka inauma.