Wauza vepu, mnatuuzia koili zilizooshwa kwa bei ya mpya, mna roho gani?

Wakuu, nimechoka kufanywa bwege.

Nimenunua koili ya vepu (kile kipande cha sigara ya umeme chenye waya na pamba, kinachogeuza likwidi kuwa mvuke) Kariakoo, ukinzani wake omu 0.8, nikaapiwa ni mpya kabisa. Nikaidondoshea likwidi, nikaiacha ilowe vizuri, nikaweka wati 12. Mvuto wa kwanza tu koo likawaka, mdomo mzima ukajaa ladha ya pamba iliyoungua. Kuichomoa na kuimulika kwa tochi, pamba ya kwenye matundu ina rangi ya chai! Koili mpya pamba yake ni nyeupe. Hii imetumika, ikaoshwa, ikaanikwa, ikarudishwa kwenye pakiti.

Narudi dukani, jamaa ananijibu bila hata aibu: "Bro, iloweke kwenye spiriti, halafu bonyeza kitufe mpaka waya uwe mwekundu, itakaa poa."

Waya uwe mwekundu na pamba ikiwa ndani? Wewe ni muuzaji wa vepu au mchoma mkaa? Pamba ikishaungua imeungua, hakuna cha kuiosha ikarudi. Na hiyo spiriti isipokauka, ukaiwashia waya wa moto, unategemea nini?

Kuchoma waya ni kwa wanaosuka koili zao wenyewe. Wanang'oa pamba kwanza, wanapasha waya kwa wati ndogo mpaka ukoko ugeuke majivu, wanauacha upoe, wanasugua kwa mswaki chini ya bomba, ndipo wanaweka pamba mpya. Tena ni waya wa Kanthal (mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini) au wa stenlesi; wa titani na nikeli hata wao hawauchomi hivyo. Koili ya kiwandani pamba imefungiwa humo humo. Ukiisuuza kwa maji ya moto na kuianika mpaka ikauke kabisa, unaisogeza siku chache, basi. Kama ni yako, sawa. Lakini unamuuziaje mtu koili iliyofyonzwa na mwingine?

Halafu hizo likwidi tamutamu mnazotusifia! Kile kitamu hakigeuki mvuke chote, kinagandia kwenye waya, kinakuwa ukoko mweusi. Koili inakufa mapema, tunarudi kununua, tunapewa zilizooshwa. Mmejipanga, hongereni.

Anayejua duka linalomfungulia mteja pakiti aone pamba kabla ya kulipa aliweke hapa. Na nyie wa "mkuu, acha tu kuvuta", nimewaona mnaandika. Sikuja kwa ajili hiyo.