Chikanda: ichimbwe kwa kibali au isichimbwe kabisa?

Wadau, kila mjadala wa Kitulo, uwanda wa maua wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, unapozuka kuna hoja hairukwi: okidi, maua ambayo viazi vyake hupikwa chakula kiitwacho chikanda, ni mali ya wana Makete, basi wapewe vibali wachimbe kwa kiasi, kama wanavyovuna uyoga. Naipinga hoja hiyo.

Uyoga ukichumwa, nyuzi zake hubaki udongoni na mwakani huchipua tena. Okidi za chikanda, yaani jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, haziko hivyo. Chini kuna viazi viwili. Kikuukuu kimeshalilisha ua la mwaka huu na kinanyauka. Kichanga, kile kigumu, ndicho mmea wa mwakani. Mnunuzi anataka kigumu. Ukishakitoa hicho, umemaliza mmea. Mbegu nazo ni ndogo mno, hazina akiba ya chakula, na porini hazioti bila kuvu wa udongoni, kwa hiyo usitegemee kwamba utachimba leo na kupanda kesho.

Soko liko Zambia. Viazi husagwa, huchanganywa na karanga, hupikwa hadi vikagandamana, vikakatwa vipande. Kilikuwa chakula cha kaskazini mwa nchi hiyo, sasa kinaliwa hadi mijini. Vya kwao vilipoadimika, walanguzi wakavuka mpaka wa Tunduma kuja huku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vinavyotoka nyanda zetu za juu kusini ni mamilioni kwa mwaka. Mamilioni, ndugu zangu, na baadhi ya maua ya huku hayaoti kwingine popote duniani!

Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba kama 413, kwa ajili ya maua hasa. Nashukuru kwa hilo. Ila mchimbaji akifukuzwa hifadhini huhamia kwenye mbuga za vijiji, ambako hakuna askari.

Na sitaki kijana mwenye kiroba ndiye abebe kesi peke yake. Abanwe dalali anayejaza lori. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hazivuki mpaka bila kibali, basi ukaguzi uwe mpakani. Kijiji kinachoilinda mbuga yake nacho kilipwe.

Sasa mnaotaka vibali mnijibu: kiasi hicho ni viazi vingapi, na nani atahesabu mimea ambayo kiangazi chote haionekani juu ya ardhi?