Kijana mpigaji wa besiboli: Daraja la Kwanza bila ufadhili, chuo cha miaka miwili, au Daraja la Tatu?

Baba Imani (Texas): Salaam wanajukwaa. Kijana wangu anamaliza sekondari mwakani, anacheza besiboli, na vyuo vitatu vinamtaka. Cha kwanza kiko Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ila kocha anampa nafasi tu, bila ufadhili wa michezo. Cha pili ni chuo cha miaka miwili hapa hapa Texas, ambacho kimeahidi kulipa karo na vitabu. Cha tatu ni chuo binafsi cha Daraja la Tatu, kinachotoa punguzo kubwa la ada kwa sababu ya alama zake za darasani. Majibu yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba ushauri wa waliotangulia.

Mama Neema: Baba Imani, umetuachia kazi ya kupiga ramli. Kijana anacheza nafasi gani, anapiga kwa mkono upi, na anataka kusomea nini? Na makaratasi yake yakoje? Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba msaada wa serikali kuu kupitia fomu ya FAFSA, ilhali mwenye viza ya mwanafunzi hawezi, na tofauti hiyo pekee inaweza kupindua hesabu yote.

Kocha wa Jioni: Wakati tukisubiri majibu, niseme juu ya hicho cha kwanza. Zamani timu ya Daraja la Kwanza ilikuwa na fedha za ufadhili kamili 11.7, nazo ziligawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27. Tangu maafikiano ya mahakama kuhusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyoingia katika utaratibu huo vina kikomo cha wachezaji 34, na wote wanaweza kufadhiliwa iwapo fedha zipo. Kwa hiyo kocha asiyekupa hata dola moja amekwisha kukuonyesha mahali pako kwenye foleni. Tena siku hizi akipungukiwa mpigaji haanzii sekondari. Hutazama kwanza orodha ya wanaohama vyuo, akamchukua mtu mzima wa miaka 22 ambaye amezoea mirusho ya maili 95 kwa saa.

Baba Imani: Anacheza uwanja wa nje, anapiga kwa kushoto, na mpira unatoka kwenye gongo lake kwa maili 91 kwa saa. Ana kadi ya kijani. Anataka uhandisi.

Ali wa Ohio: Uhandisi! Basi mbona tunajadili? Ni kweli Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini punguzo la darasani halifutwi kwa sababu kijana ameumia bega au kocha amebadilika. Ligi kuu ya besiboli, inapochagua vijana wapya kila mwaka, imekuwa ikichagua kwa raundi 20 tu tangu mwaka 2021. Wengi wa hawa vijana watakula kwa vyeti vyao.

Mzee wa Kansas: Ali, usikidharau chuo cha miaka miwili. Albert Pujols, aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu, alifika Missouri akiwa kijana mhamiaji, akacheza Maple Woods, chuo cha miaka miwili cha Kansas City, na mwaka 1999 akachaguliwa raundi ya 13. Bryce Harper, nyota mwingine, alipitia College of Southern Nevada, ambako walitumia magongo ya mbao, akawa chaguo la kwanza la ligi kuu mwaka 2010.

Ali wa Ohio: Kumtolea mzazi mfano wa Pujols ni kumwonyesha aliyeshinda bahati nasibu ili naye akakate tiketi.

Mama Neema: Mimi nitaeleza yaliyomkuta mwanangu, kwa kuwa nanyi mnazungumza fedha tu na hakuna aliyeuliza nani atamfundisha huyo kijana. Chuo sikitaji. Wa kwangu aliingia akiwa na mpigo mfupi, ulionyooka, uliompatia nafasi. Kocha wa upigaji akamfungia kipimo cha mwendo kwenye kitako cha gongo, akaweka skrini pembeni ya kizimba cha mazoezi, akaanza kumtaka apige kutoka chini kwenda juu ili mpira upae. Kwenye mashine ya kurusha mipira namba zilipanda kila wiki, na sisi wazazi tukatumiwa video. Msimu ulipoanza, warushaji wakagundua kwamba mpira wa kasi ukija usawa wa kifua gongo lake linapita chini yake, wakawa wanamrushia huo huo mpaka akakalishwa benchi. Kiangazi kilipofika, kocha yule akapata kazi chuo kingine. Aliyemrithi akamwambia kijana arudie mpigo wake wa zamani, naye kwa wakati huo alikuwa ameshausahau.

Kocha wa Jioni: Pole sana, mama, lakini kosa si la kipimo. Mashine hurusha mahali pamoja kwa kasi moja, na haina mkono wa kusomwa. Mpira wa maili 90 unafika kwa takribani nusu sekunde au pungufu, na ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa kuamua kama utaingia eneo halali au utapinda. Hilo hufunzwa na mrushaji hai anayechanganya mirusho. Baba Imani, omba kutazama mazoezi yao ya kawaida, si yale ya siku ya wageni.

Mzee wa Kansas: Na umuulize kocha wa chuo cha miaka miwili kama wanatumia magongo ya mbao. Gongo la mbao halifichi udhaifu wa mpigaji.

Kocha wa Jioni: Hata nguvu ya magongo ya chuma imebanwa na kanuni tangu mwaka 2011, mzee. Si yale ya enzi zako.

Mzee wa Kansas: Yamebanwa, lakini bado yanasamehe. Mpira ukigusa karibu na mikono, la mbao linavunjika, la chuma linakupa mpigo halali.

Mama Neema: Turudi kwa kijana. Baba Imani, masomo ya hesabu na fizikia ya chuo hicho yanakubaliwa na kitivo kipi cha uhandisi baadaye? Na ni daraja la ngapi la NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili? La Kwanza linaruhusiwa kulipia hadi malazi na chakula, la Pili linaishia kwenye karo, ada na vitabu.

Baba Imani: Nadhani ni la Pili, maana malazi hayakutajwa. Nitampigia kocha Jumatatu. Ila mama yake kijana ameshasoma uzi huu, na yuko upande wa Ali.