Naomba ushauri: mwenye nyumba Ujerumani hataki kunisainia karatasi

Habari zenu wakubwa, mimi mtu wa Arua, Uganda, ila saa hii niko Leipzig kikazi, huku sheria inasema ukishahamia nyumba una wiki 2 tu za kujiandikisha manispaa na lazima uende na karatasi aliyosaini mwenye nyumba, sasa huyu wangu pesa ya pango anapokea vizuri tu lakini kusaini hataki, kila nikimuuliza ananiambia kesho. Bila kujiandikisha namba ya mlipa kodi siipati maana inatumwa kwa posta kwenye anwani uliyojiandikisha, na bosi ameshaanza kuiulizia. Mama naye anasubiri fees za wadogo zangu, anadhani huku hela zinaokotwa! Mliopitia haya mlifanyaje, nihame au niende hivyohivyo manispaa nikamseme?